Bhutan haijashusha bei, sisi ndo hatujapiga hesabu

Kila baada ya miezi michache kwenye magrupu ya watu wa utalii, hasa sisi wa Moshi na Arusha, lazima atokee mtu arushe ile habari ya Bhutan, kwamba kale kanchi ka milimani kalikokuwa kanaringa kamenywea, tozo ya mgeni imetoka dola 200 kwa usiku mpaka dola 100, na punguzo linaenda mpaka tarehe 31 Agosti 2027. Hapo ugomvi unaanza. Wa upande huu wanacheka, wanasema mnaona sasa, utalii wa bei mbaya umewashinda wenyewe waliouanzisha, na wa upande ule wanaomboleza kwamba ndo basi tena, utamaduni wa Kibudha uliotunzwa karne kwa karne unaenda kuliwa na watu wa selfi. Mi naona wote wanagombania namba ambayo sio. Mia ya leo ni kubwa kuliko alichokuwa anakatwa mgeni kabla ya korona, na kilichokuwa kinaishika ile safari isianguke haikuwa tozo hata siku moja, ilikuwa ni ile bei ya chini ambayo serikali iliiweka kwa safari nzima, pamoja na muongozaji, yule mtu anayekaa siti ya mbele pembeni ya dereva akageuka nyuma kukuelezea unachokiona. Ile bei ya chini ilifutwa 2022 na huku kwetu hamna aliyeshtuka. Na yule mtu wa siti ya mbele anafunga begi, anaenda Perth, Australia.

Turudi nyuma kidogo kwa wasioijua. Bhutan imebanwa kati ya India na Tibet, eneo lake ni kama kilomita za mraba 38,000, watu wake hawafiki laki nane, yani nchi nzima ukiikusanya haiifikii Temeke. Wafalme wa ukoo wa Wangchuck wapo kitini tangu 1907. Watalii walianza kuingia 1974, mwaka aliotawazwa mfalme wa nne, Jigme Singye Wangchuck, na mwaka ule waliingia watu 287 tu, tena hoteli zenyewe zilikuwa nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wageni wa sherehe ya kutawazwa. Serikali iliendesha biashara hiyo yenyewe mpaka 1991 ndo ikawaachia kampuni binafsi, ila iliwaachia kwa masharti, na sharti kubwa lilikuwa kwamba hamna kampuni ya kuuza safari chini ya bei iliyopangwa. Kabla ya korona bei hiyo ilikuwa dola 250 kwa mtu kwa usiku msimu wa wageni wengi, na dola 200 miezi mingine. Watu wengi mpaka leo wanaamini ile 250 ilikuwa kiingilio. Haikuwa kiingilio. Ndani yake kulikuwa na hoteli, chakula mara tatu, gari na dereva, muongozaji, na humohumo ndo serikali ilikuwa inachukua dola 65 zake za shule, hospitali na barabara.

Alafu ikaja korona, Machi 2020 mgonjwa wa kwanza Bhutan akawa mtalii kutoka Marekani, mipaka ikafungwa miaka miwili na nusu. Walipofungua tena tarehe 23 Septemba 2022 walikuja na utaratibu mpya kabisa, bei ya chini ya kifurushi imefutwa, kila mtu ajipangie hoteli na gari lake kwa bei anayopatana, ila serikali inataka dola 200 kwa usiku, zake peke yake, hazina kitanda wala sahani ya wali ndani yake. Wageni wakasita. Katikati ya 2023 wakajaribu ofa za kukaa siku nyingi ulipie chache, haikunoga sana, mwezi wa tisa mwaka huohuo wakakata nusu. Sasa chukua kalamu. Zamani mgeni wa usiku saba msimu mzuri alilipa 1,750, serikali ikachukua 455, zikabaki 1,295 za kuzunguka kwa mwenye hoteli, mpishi, dereva, muongozaji na kampuni. Leo mgeni huyohuyo anaweka mezani 700 za serikali na 40 za viza kabla hajajua atalala wapi, na hizo nyingine zinazobaki hazina sakafu, zinaweza kushuka popote kampuni zitakapozishusha zikigombania mteja. Hiyo ndo "Bhutan imeshusha bei" tunayorushiana. Serikali imetoka 65 ikaenda 200 ikarudi 100, kwa hiyo ukilinganisha na 2019 bado imeongeza 35 kwa kila usiku, na aliyeshushiwa ni mtu mwingine kabisa.

Wanaoitetea tozo wana hoja moja ambayo kwa juu inaonekana nzito, kwamba bila bei kubwa nchi ingejaa watu kama Kathmandu kule Nepal. Shida ni kwamba nchi ilishajaa tayari, kwa kipimo chake. Mwaka 2019 waliingia wageni zaidi ya 315,000, na kama 230,000 kati yao walitoka India, ambao walikuwa hawalipi tozo hata senti na hawakubanwa na kile kifurushi, wanavuka na magari yao pale Phuentsholing mpakani, wanapanda mpaka Thimphu, mji mkuu. Sheria ya kuwatoza ilipitishwa 2020 na imeanza kuuma kweli 2022, nayo ni ngultrum (hela yao) 1,200 kwa usiku, sawa na rupia 1,200, kama dola 14 hivi. Kwa hiyo miaka yote ambayo sisi huku tulikuwa tunahubiri kwenye semina kwamba Bhutan inapokea "wachache wenye hela", karibu robo tatu ya wageni wake walikuwa familia za Kolkata na Delhi zimekuja kupunga upepo wa baridi. Na utamaduni haukuyeyuka. Kwasababu uliokuwa unaulinda ni mambo mengine ambayo hayapo kwenye risiti: amri ya 1989 kwamba mtu akienda ofisini, shuleni au kwenye dzong (zile ngome ambazo nusu ni ofisi za serikali nusu ni makazi ya watawa) avae gho kama ni mwanaume na kira kama ni mwanamke, katiba ya 2008 inayosema msitu usipungue asilimia 60 ya nchi, katazo la kupanda vilele lililokamilishwa 2003 kwasababu vilele ni makao ya miungu, ndo maana mpaka leo Gangkhar Puensum wenye mita 7,570 ni mlima mrefu kuliko yote duniani ambayo haijawahi kukanyagwa kileleni. Mtu wa Kilimanjaro akisikia hiyo anakaa kimya kidogo.

Na ulikuwa unalindwa na muongozaji. Nasema muongozaji kwasababu lile neno la Kizungu tukiliandika tunavyolitamka linakuwa gaidi, na hilo ni balaa lingine. Mi nilienda siku nane mwezi wa kumi na moja, sitawachosha na picha, nitaeleza vitu viwili tu. Cha kwanza, tulisimama Dochula, ule upenyo wa mita kama 3,100 kati ya Thimphu na Punakha ambako kuna vijumba 108 vya ukumbusho vilivyojengwa baada ya operesheni ya jeshi ya Desemba 2003, ukungu umeshuka mpaka magotini, na yule kijana aliyekuwa anatuongoza akatoa mfukoni kifuko cha plastiki, akachukua jani, akalipaka chokaa nyekundu-nyekundu kwa kidole, akaweka kipande cha popoo juu, akakunja, akaninyooshea. Wao wanaita doma. Nikacheka peke yangu, kwasababu ile ni tambuu, tambuu ileile ya bibi yangu wa Pangani, jani, popoo na chokaa, mpaka ile namna ya kukunja na kubana kwa gumba. Nikamwambia kwetu pwani hii ni ya wazee na harusini, akaniambia kwao ni ya kila mtu, tena kuna hadithi kwamba zamani watu wa pale walikuwa wanakula nyama ya watu, alipokuja Guru Rinpoche kuleta dini akawabadilishia, jani badala ya ngozi, popoo badala ya mfupa, chokaa badala ya ubongo. Hiyo habari hamna kibao kinachoiandika pale Dochula. Ilitoka mdomoni mwa mtu, mdomo umeshakuwa mwekundu.

Cha pili ni Punakha, ile dzong aliyoijenga Zhabdrung Ngawang Namgyal, kiongozi aliyeiunganisha nchi, 1637, imekaa pale inapokutana mito miwili, Pho Chhu ambao ni mto dume na Mo Chhu ambao ni mto jike. Kabla hatujaingia kijana alifungua mkoba akatoa kitambaa cheupe kirefu, akakipitisha bega la kushoto mpaka kiunoni kulia, akakilaza vizuri, akajitazama kwenye kioo cha gari. Mwanaume haingii mle bila hicho, na rangi yake inasema wewe ni nani, cheupe ni cha raia wa kawaida, mfalme na mkuu wa watawa wana rangi yao. Ndani ukutani kuna mchoro wa duara kubwa limeshikwa na zimwi kwa meno na kucha, na katikati kabisa kuna jogoo, nyoka na nguruwe wameng'atana mikia. Wazungu wawili walipita mbele yetu, wakapiga picha, wakaendelea. Sisi tulisimama dakika kumi na tano tunaelezewa kwamba jogoo ni tamaa, nyoka ni chuki, nguruwe ni ujinga, na kwamba wameng'atana kwasababu kila mmoja anamzaa mwenzake, na duara lote lile la kuzaliwa na kufa na kuzaliwa tena linazungushwa na hao watatu wadogo wa katikati, usipowafukuza hao huendi popote. Bila huyo mtu ningeondoka pale nikijua nimeona kuku.

Ndo maana nasema safari ya kuongozwa kwenye nchi kama ile ndo bidhaa yenyewe. Serengeti simba hahitaji mtafsiri sana, unamwona, unaelewa, unaogopa. Hekalu la Kibudha kwa mtu wa Tanga au Kisumu bila mtafsiri ni rangi tu ukutani. Mpaka leo utaratibu unasema ukitoka nje ya Thimphu na Paro lazima uwe na muongozaji mwenye leseni, na wapo wanaolalamika kwamba huo ni ulinzi, wanakufuata usije ukaona wasichotaka uone. Hoja hiyo siidharau hata kidogo, nitairudia hapo chini. Ila kuna hoja nyingine naomba tuizike kabisa.

Nayo ni hii ya "nchi yenye furaha kuliko zote duniani, wageni wataiharibia furaha". Bhutan haijawahi kushika namba moja ya furaha duniani, kwenye orodha ya dunia ya 2019 ilikuwa ya 95 kati ya nchi 156. Kile wanachokiita Furaha ya Jumla ya Taifa, wazo la mfalme wa nne miaka ya 70, ni kipimo cha kupangia mipango, wanauliza watu habari za afya, usingizi, muda wa kukaa na familia, wanasali mara ngapi, jirani anawasaidia au vipi, alafu sera inapitishwa kwenye hilo chekecheo. Ni kama daktari kukupima presha, kupimwa sio kusema huumwi. Kampuni za utalii ndo zilizoligeuza kuwa tangazo, na wageni wakalinunua, na sasa kila kijana wa Thimphu akisema hana kazi mtu wa nje anashangaa eti si mna furaha nyie.

Sasa ile ya ulinzi. Wanaosema kwamba safari ya kuongozwa inakuonyesha sebule tu wana ushahidi, na ushahidi wenyewe ni watu zaidi ya laki moja. Kusini mwa nchi kulikuwa na jamii kubwa ya wanaozungumza Kinepali, Lhotshampa, wengi wao Wahindu. Ikaja sheria ya uraia ya 1985, kisha kuhesabiwa upya watu, wakadaiwa karatasi za kuthibitisha kwamba walikuwa raia mwaka 1958, ikaja hiyo amri ya mavazi ya kaskazini kwa nchi nzima, wakaandamana, wakapigwa, na mwanzoni mwa miaka ya 90 wakatoka au wakatolewa, wakaishia kwenye kambi mashariki mwa Nepal karibu miaka ishirini. Kuanzia 2007 nchi nane zikaanza kuwachukua, wengi sana Marekani, na msomaji wangu uliyeko Columbus, Ohio, unawajua, ndo majirani zako kwenye apatimenti, mlifika kwa mpango uleule wa wakimbizi, wewe kutoka kambi ya Nyarugusu yeye kutoka kambi ya Beldangi kule Nepal. Mwaka 2025 Marekani ikaanza kuwarudisha baadhi yao Bhutan, na ikaripotiwa kwamba walivushwa mpaka wakaingia India, wengine wakajikuta Nepal kulekule walikoanzia. Hakuna mtu aliyenisimulia haya kwenye siku nane zangu. Nilipouliza, jibu lilikuwa la heshima, fupi, na lilimalizikia kwenye "la", kale kasilabi kao wanakokabandika mwisho wa sentensi kuonyesha adabu, kama sisi tunavyombandikia mtu "mzee" hata kama ana miaka thelathini.

Kwa hiyo ndio, muongozaji anaficha. Lakini angalia mbadala ni nini. Mgeni asiye na muongozaji hagundui Lhotshampa, anagundua kahawa nzuri na hoteli yenye dirisha kubwa. Mtu wa kumuuliza angalau anaweza kukwepa swali, na kule kukwepa unakuona. Ile kanuni ya amri ya mavazi, ambayo mi mwenyewe juu hapo nimeisifia kwamba imelinda utamaduni, ndo hiyohiyo iliyotumika kuwaambia watu wa kusini kwamba sio wenzetu, na sioni namna ya kusema moja nikanyamaza nyingine. Anayetaka tuige Bhutan aibebe yote, na lawama zake.

Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba hata huo mdomo unaokwepa unaondoka. Mwaka 2022 ukosefu wa ajira kwa vijana ulifika asilimia 28.6. Inakadiriwa asilimia 9 hivi ya watu wa nchi wameshahamia nje, wengi wao vijana wenye elimu, na mkondo mkubwa ni Australia, hasa Perth. Njia inajulikana, mmoja anaomba viza ya mwanafunzi, mwenzi wake anaingia naye na kibali cha kufanya kazi, mmoja yuko darasani mwingine yuko nyumba ya wazee anabadilisha mashuka, hela ya mwezi mmoja kule ni ya miezi mingi Thimphu. Wanaondoka walimu, manesi, maafisa wa serikali, na wanaondoka waongozaji pia, kwasababu Kiingereza wanacho tayari na mambo ya Wazungu wameshayazoea. Kijana wetu alikuwa analipwa kwa siku, siku yenye mgeni, isiyo na mgeni hamna kitu, na njia nzima ya kwenda bonde la Phobjikha, tunaenda kuangalia wale korongo wenye shingo nyeusi wanaoshuka kutoka Tibet kila mwanzo wa baridi, alikuwa amechomeka spika moja sikioni anasikiliza mazoezi ya mtihani wa Kiingereza. Akifika sehemu yenye kitu cha kuona anaichomoa, anaeleza, anairudisha. Alinipa namba yake inaanza na +975. Baada ya kama mwaka nikapata ujumbe wa salamu, namba inaanza na +61.

Kuna hoja ya mwisho, ya ubaguzi, kwamba tozo ya dola mia inamfungia mlango mtu wa kawaida, na hii kwa kweli ni ngumu kuijibu ukiwa na pasipoti ya Tanzania na mshahara wa Tanzania. Nakubali inafunga. Ila nasi tusijifanye watakatifu, Rwanda kumwona gorila kwa saa moja ni dola 1,500 kwa mtalii wa kutoka nje ya Afrika tangu 2017, na wengi wetu tulipiga makofi, tukaita ubunifu. Tofauti niipendayo mimi ni kwamba kule Rwanda asilimia 10 ya mapato ya hifadhi imetajwa kabisa kwamba ni ya vijiji vinavyozunguka hifadhi, ukitaka kubishana una namba ya kubishania. Tozo ya Bhutan inaingia hazina kuu na inatoka kama shule za bure na hospitali za bure, ambazo ni kweli zipo, lakini shule hiyohiyo ya bure ndo inayompa kijana Kiingereza cha kumpeleka Perth, na sijui tumlaumu nani hapo. Serikali nayo ina sababu yake ya kung'ang'ania dola: kipato kikubwa cha nchi ni umeme wa maji unaouzwa India, na India inalipa kwa rupia. Ukitaka kununua kitu nje ya India unahitaji dola, na dola inaletwa na mgeni.

Sisi wa Mlima tungepaswa kuwa wa kwanza kuielewa hii habari. Ada za hifadhi ya Kilimanjaro zimepangwa, haziteleziki, kampuni isipolipa haipandi. Ila malipo ya wagumu, wale wanaobeba mahema na mayai na viti vya choo mpaka Barafu, yanategemea kampuni imeuza safari bei gani. Viwango vimeandikwa, kila mtu anavijua, na kila mtu anamjua mgumu aliyeshuka getini Mweka akapewa pungufu akaambiwa mengine ni tipu. Siku zote ni hivyo, penye biashara ambayo serikali imeshika juu na wateja wanabana chini, anayebanika ni wa katikati, na wa katikati kwenye utalii ni binadamu anayefanya kazi kwa siku. Bhutan ilikuwa imekwepa hilo kwa miaka zaidi ya thelathini kwa kitu rahisi sana, kwamba hamna kuuza safari chini ya bei hii, na ndani yake muongozaji yumo. Wapo waliosema ule mfumo ulikuwa wa kizembe, kwamba ulizipa kampuni mbovu maisha kwasababu bei ni moja uwe mzuri uwe mbaya, na wengine walikuwa wanarudisha chenji chini ya meza kwa mawakala wa nje. Kweli yote hayo yalikuwepo. Bado kufuta sakafu nzima kwasababu ilikuwa na nyufa ni jambo ambalo mtu mwenye nyumba anafikiria mara mbili.

Namba za wageni zinapanda tena, 2024 wamefika kama 145,000, chini ya nusu ya 2019 ila zaidi ya mwaka uliotangulia, na serikali inaonekana imeridhika. Mfalme wa sasa alitangaza Desemba 2023 ule mji mpya wa Gelephu kule kusini mpakani na jimbo la Assam la India (kusini, ndio, kulekule walikotoka wengi wa wale wa kambini), utakaokuwa na uwanja wa ndege mkubwa, lengo likiwa vijana wapate sababu ya kubaki au kurudi. Tangu 2025 unaweza kulipia safari yako, viza na tozo humo, kwa sarafu za kidijitali. Ukiangalia yote hayo ni mipango ya namna mgeni atakavyofika na atakavyolipa. Uwanja wa ndege wa Paro, wanakotua sasa wageni wanaokuja kwa ndege, una marubani wachache walioruhusiwa kutua kwa kuangalia kwa macho kati ya milima, mchana tu, na nafikiri hilo pekee limezuia watu wengi kuliko tozo yoyote. Gelephu ikifunguka kizuizi hicho kinaisha, na hapo ndo mtaona umuhimu wa swali la nani atakuwa anawapokea.

Kwa hiyo tukifika Agosti 2027 na magrupu yakaanza tena kuchemka, imerudi 200, imebaki 100, imeshuka 65, mi nitakuwa naangalia kitu kingine: kama bei ya chini ya siku ya muongozaji na dereva itaandikwa tena kwenye sheria, kiasi gani, na nani atakagua. Tozo ikirudi 200 bila hiyo, kampuni zitabana zaidi ili mgeni asikimbie, na tunajua atakayebanwa. Ikibaki mia na hiyo ikaandikwa, pengine yule aliyeko Perth atapiga hesabu upya, kwasababu aliniambia kwenye ule ujumbe kwamba kazi ya kule haimshindi, wazee anawapenda, ila kwenye zamu ya usiku hamna mtu anayemuuliza chochote kuhusu jogoo, nyoka na nguruwe.